Chaja ya Gari la Umeme: Nani Alipe Umeme Unaopotea?

Tangu gari la Kiira EV, kazi ya Chuo Kikuu cha Makerere, lilipoonyeshwa hadharani mwaka 2011, mazungumzo juu ya magari ya umeme hapa Uganda yamehusu zaidi bodi na betri. Hata mabasi ya Kayoola EVS yalipoundwa Nakasongola, katika kiwanda cha Luwero Industries kilicho chini ya jeshi letu, swali la wengi lilikuwa kilomita tu. Chaja haikutajwa.

Umeme wa majumbani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, ilhali betri hupokea mkondo wa mwelekeo mmoja tu. Mabasi makubwa kwa kawaida hujazwa na mitambo ya kituoni. Gari dogo hubeba chaja yake ndani. Chaja hiyo kwanza huunyoosha mkondo, ikihakikisha kwamba unavutwa kwa kulingana na mawimbi ya volti. Kisha huupitisha katika transfoma ndogo inayotenganisha betri na laini ya umeme kwa usalama wa watu. Kila hatua hutoza ushuru wake, nao hulipwa kwa joto.

Tuchukue betri ya uniti 60. Chaja yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta uniti 66.7 kuijaza, ile ya asilimia 96 itavuta 62.5. Tofauti ni zaidi ya uniti 4. Magari 100 yakijazwa hivyo kila usiku, zaidi ya uniti 150,000 zitapotea kwa mwaka, na mwenye gari ndiye atakayezilipia.

Dawa inajulikana. Swichi za silikoni kabaidi hupoteza nguvu kidogo kuliko zile za silikoni ya kawaida, hasa saketi ikipangwa ili zifunguke wakati volti imeshuka hadi sifuri. Ni ghali zaidi, hilo halifichiki.

Wapo watakaosema kwamba umeme tunao, kwani bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Hoja hiyo haitoshi. Umeme wa Karuma humfikia mwananchi kwa kupitia nyaya na transfoma za mtaani, na chaja duni, inayovuta mkondo uliopindapinda, huzipasha moto bure. Jirani asiye na gari huumia pia.

Isitoshe, jioni volti ikishuka, chaja isiyo na udhibiti huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kulinda kiwango chake cha nguvu, nayo volti huzidi kushuka. Chaja iliyobuniwa vyema huipima laini na kupunguza kiu yake yenyewe. Wanunuzi wa serikali hawana budi kudai hati ya vipimo hivyo, vilivyofanywa kwa volti 200 na si kwa 240 peke yake, kabla ya kutia sahihi.