Kicheche asikufanye ulale na kuku

Pita uwani kwa nyumba nyingi za Themi utamkuta tetea na vifaranga wake wakichakura chini ya migomba. Na kila mwenye kuku ana hesabu moja inayomuuma: vifaranga walitotolewa 12, mwezi haujaisha wamebaki wanne.

Wezi wanajulikana. Mchana ni mwewe, kunguru na nguchiro. Usiku zamu inabadilika: kicheche, kanu, paka wa mtaani na mbwa wazururaji. Mto Themi unashuka kutoka Mlima Meru na kupita jijini, na vichaka vya kingo zake ni maficho mazuri kwa wanyama wa aina hii.

Safu hii ni ya afya ya familia, kwa hiyo unaweza kujiuliza kicheche ameingiaje. Ameingia kwa sababu hofu ya kupoteza kuku huwafanya wazazi wachukue hatua tatu ambazo mwishowe humgusa mtoto: kulaza kuku ndani, kutega sumu, na kuachia mbwa asiyechanjwa alinde banda. Tuziangalie moja moja.

Kuku kulala jikoni

Ni jambo la kawaida. Giza likiingia, tetea na watoto wake wanaingizwa jikoni au stoo, asubuhi kinyesi kinafagiliwa na maisha yanaendelea. Tatizo ni mtoto anayetambaa. Sakafu ile ile ndiyo uwanja wake wa michezo, na kila anachookota kinaishia mdomoni.

Kinyesi cha kuku hubeba vimelea kama salmonela na kampilobakta, ambavyo huharisha watoto. Wataalamu wa lishe wanaeleza pia kwamba mtoto anayemeza vimelea mara kwa mara, hata asipoharisha, utumbo wake unaweza kudhoofika na kushindwa kufyonza virutubisho vizuri. Unamlisha vizuri, lakini haongezeki inavyotakiwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu kaya za vijijini nchini Ethiopia ulionyesha pande zote mbili za jambo hili. Kaya zilizofuga kuku zilikuwa na watoto wenye urefu mzuri zaidi kwa umri wao. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba, hali ilikuwa kinyume. Kwa maneno mengine, kuku ni baraka kwa mtoto, ila si wakilala naye chini ya paa moja.

Sumu ya kicheche

Kwenye maduka ya pembejeo swali halikosekani: "Kaka, una dawa ya kicheche?" Wengine hununua kwa wapita njia unga usio na jina, uliofungwa kwenye kipande cha nailoni. Unapakwa kwenye nyama au kuingizwa ndani ya yai, kisha unategwa nyuma ya banda.

Sasa fikiria nani mwingine anapita nyuma ya banda. Mtoto wa miaka mitatu akiona yai chini, ataliokota kwa furaha amletee mama. Kuku wako mwenyewe atadonoa mabaki. Mbwa wa jirani atakula, na ugomvi wa ujirani utaanzia hapo.

Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Unga usio na lebo hauna maelezo ya kilichomo, na daktari naye atapoteza muda akijaribu kukisia mtoto amekula nini.

Dalili za sumu nyingi za wadudu ni mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Ukiziona, usimtapishe mtoto na usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizoguswa na sumu, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya. Beba pakiti au mabaki ya kitu alichokula.

Mbwa mlinzi

Mbwa ni mlinzi mzuri wa banda, lakini awe amechanjwa kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu huua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani. Wanne kati ya kila 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wagonjwa wote waliambukizwa na mbwa.

Wanyama wa porini nao hawako salama. Kicheche au nguchiro anayetembea mchana kweupe bila kuogopa watu si wa kukimbizwa na watoto kwa fimbo. Wafundishe wakae mbali na wamwite mtu mzima.

Mtoto aking'atwa, hata kama ni mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, majivu wala mafuta. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Basi tufanyeje?

Jibu ni banda, na halihitaji kuwa la kifahari. Linyanyuliwe juu kwa nguzo, liwe na paa lisilovuja na kuta zisizo na upenyo. Kanu ana mwili mwembamba, na tundu unaloliona dogo yeye analiona mlango. Madirisha yawekwe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu laini wa plastiki utatafunwa usiku mmoja. Kama banda liko chini, fukia wavu kuzunguka ukuta kwa kina cha kama sentimita 30 ili anayechimba akwame.

Mlango uwe na komeo, si kamba. Ufungwe saa 12 jioni, kabla giza halijaingia. Fyeka majani yanayozunguka banda, kwa sababu mwizi hapendi kuvuka mahali peupe.

Kwa vifaranga, wiki nne za kwanza ndizo ngumu zaidi. Wafunike na tenga pamoja na mama yao mchana, maji na chakula viwe humo humo, na usiku waingie bandani. Mwewe akizunguka juu hataambulia kitu. Miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo huku chini ya Meru inauma kweli, ongeza maranda makavu na uzibe upepo wa upande mmoja, lakini uache hewa ipite juu.

Wenye uzoefu hutotolesha kwa pamoja. Matetea wawili au watatu wakianza kuatamia karibu karibu, hupewa mayai siku moja, 10 hadi 12 kila mmoja. Mayai yawe yamekaa mahali pa baridi kwa muda usiozidi siku 10. Siku ya saba, gizani, mulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa lina uhai, lililo wazi kabisa litoe. Siku ya 21 wanaanguliwa wote, na ulinzi wa tenga unafanyika mara moja badala ya mara tatu.

Jogoo mmoja anatosha matetea 10. Mbadilishe na wa mtu wa mbali kila baada ya mwaka, asije akapanda watoto wake. Na kama una kroila, usitegemee waatamie. Kazi hiyo mwachie kuku wa kienyeji.

Mwizi asiyeacha manyoya

Mwewe analaumiwa sana, lakini anayeweza kumaliza banda zima ndani ya wiki ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Hauna tiba. Una chanjo, na ile ya I-2 inayotengenezwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku mzima wa afya, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Zungumza na majirani mchanje siku moja, kwa sababu kuku hawajui mipaka ya viwanja. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza.

Yai liende wapi

Jitihada zote hizi zina maana kama yai litafika kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchini Ecuador, watoto wa miezi sita hadi tisa waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walipungukiwa sana na udumavu. Malawi, jaribio kama hilo halikuona tofauti hiyo ya urefu, na watafiti walikumbusha kwamba watoto wa huko tayari walikuwa wakila samaki kwa wingi. Yai si muujiza. Linasaidia zaidi mahali ambapo sahani ya mtoto ina uji na ugali tu.

Mtoto akishatimiza miezi sita anaweza kula yai lililoiva vizuri, kiini na ute wake. Kwa hiyo trei ikijaa, kabla ya kuipeleka dukani, toa kwanza ya watoto.

Na leo jioni, wakati wa kufunga banda, waite watoto wahesabu kuku pamoja nawe. Wakimaliza, wote mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Tukutane wiki ijayo.