FUNDI NI MWALIMU, SI "FUNDI TU"



Kiingereza kimekopa neno letu fundi. Katika Kiingereza cha Nairobi na Dar es Salaam, fundi ni mtu wa kuitwa bomba likivuja. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, fundi ni bingwa wa jambo lolote. Huko neno limetoka kwa Wazulu na jamaa zao, ambao mwalimu humwita umfundisi. Neno lao na letu ni ndugu wa shina moja: funda, fundisha, mafunzo.

Marekani nako, Bibi Ella Baker, aliyewasaidia wanafunzi weusi kuunda chama chao cha kupigania haki mwaka 1960, alipewa jina la Fundi, kwa maana ya mtu anayewarithisha vijana ujuzi wake. Filamu ya maisha yake ya mwaka 1981 inaitwa hivyo hivyo.

Basi twauliza: kwa nini ugenini fundi ni bingwa na mwalimu, na hapa kwetu ni "fundi tu"?

Tusisahau tulikotoka. Tume ya Holmes ya 1947-48 ilipendekeza kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ikapendekeza kuiondoa kanuni hiyo. Kanuni ikafutwa katika karatasi. Kiburi kikabaki, na leo warithi wake ni sisi wenyewe. Msomi anakaa ndani ya nyumba iliyojengwa na fundi, anakalia kiti cha fundi, amevaa suti ya fundi, siku ya kulipa anasema, "Njoo kesho." Je, huo si ukoloni uliobadilisha ngozi?

Sisi tunasema hivi. Fundi alipwe kazi inapokwisha. Aliyejifunza chini ya mwembe apimwe kwa kazi ya mikono yake, na akifaulu apewe cheti sawa na aliyekaa darasani. Na ninyi mafundi, msiwafiche vijana ujuzi wenu kwa kuogopa kunyang'anywa wateja. Fundi asiyefundisha amelikana jina lake mwenyewe.

Neno ni letu. Tulirudishie heshima yake, na heshima hiyo ianzie mfukoni mwa fundi.