Mario Kawa Mfalme, na Sisi Je?

Leo sitaki kuandika juu ya viza wala joto la Muscat. Nataka kuzungumzia katuni. Msinicheke.

Ijumaa iliyopita nilialikwa chakula cha mchana kwa wenyeji wangu, Waomani wenye asili ya Unguja, nyumba ambayo bibi akikasirika tu Kiarabu kinakwisha, anahamia Kiswahili. Baada ya pilau mjukuu wake wa miaka minane akanikalisha mbele ya The Super Mario Bros. Super Show!, katuni ya 1989 iliyotokana na mchezo wa Nintendo. Sehemu yenyewe inaitwa King Mario of Cramalot. Ni hadithi ya Mfalme Arthur iliyogeuzwa kichekesho: badala ya upanga kwenye jiwe, kuna mpira wa kuzibulia sinki umekwama, na Mario, fundi bomba, ndiye wa kuuchomoa. Mimi injinia nilicheka mpaka machozi. Fundi bomba kupewa ufalme ni haki kabisa!

Dogo akaniuliza, "Ami, na kwenu walikuwepo wafalme wa zamani, wenye ngome?"

Nikajibu haraka haraka, "Si unaiona Jalali pale baharini?"

Bibi akadakia toka jikoni: "Mwanangu, ile kajenga Mreno."

Kweli. Jalali na Mirani ni za Wareno, miaka ya 1580, zama za kati zimeshapita. Halafu mtoto kauliza kwetu, na mimi mtu wa Lindi!

Kutoka Lindi hadi Kilwa si mbali. Huko, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya mia, na bwawa la kuogea la pembe nane. (Maji yalipandishwaje mpaka kule juu? Swali hilo linaninyima usingizi.) Dhahabu ilipita kutoka Sofala, sarafu walitengeneza wenyewe. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Haya nimeyasoma ukubwani, tena nikitafuta habari za chokaa kwa ajili ya utafiti wangu. Upanga wa Arthur, mtu ambaye wanahistoria wengi hawaamini hata kama aliishi, niliujua tangu darasa la pili.

Wapo watakaosema tuwazuie watoto katuni za Kizungu. Mimi sikubali. Katuni ile haina kosa lolote. Waliotunga waliweza kumfanyia Arthur mzaha wa sinki kwa sababu mtoto wa kwao upanga anaujua tayari. Sasa nani atamtania Sultani wa Kilwa, na mtoto gani atacheka? Tunalalamika wanatucheka, kumbe hata kuchekwa hatujafikia. Na sisi tunaosomea kompyuta, uchoraji na filamu huku nje, kila mwaka tunafanya miradi ya kumaliza digrii juu ya mambo ya watu wengine.

Nimemwahidi dogo picha ya Husuni Kubwa Ijumaa hii, sultani akiwa ndani ya bwawa. Nimechora kwa programu ninayotumia kwenye masomo. Bwawa limetoka kama tangi la majitaka, na sultani hana uso. Anayejua kuchora watu anitafute kabla ya Alhamisi, chai juu yangu.