Kwa nini kura yangu nilimpa Ssemogerere



Katika mkutano wa tawi letu kijana mmoja alisimama akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee, wewe ni mtu wa chama cha wafanyakazi. Ulimpigiaje kura mhafidhina wa kanisani?" Watu wakacheka. Siku ile sikujibu vizuri, basi najibu hapa.

Ni kweli. Kura yangu ya kwanza, Mei 1996, nilimpa Paul Ssemogerere wa DP. Ni kweli pia kwamba DP, tangu kianzishwe mwaka 1954, kilikuwa zaidi chama cha Wakatoliki, na siasa za mrengo wa kushoto hakikuzipenda. Sikutazamia atutaifishie kiwanda.

Lakini tazameni Katiba ya 1995, kifungu cha 269. Vyama vya siasa viliachiwa jina tu. Kufungua matawi marufuku, mkutano wa wajumbe marufuku, mkutano wa hadhara marufuku, kumsimamisha mgombea marufuku. Ndugu, tukinyang'anywa sisi matawi na mkutano wa wajumbe, chama chetu kitabaki nini? Muhuri na karani. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hilo sikuhitaji mwalimu.

Bwana huyu alikuwa waziri tangu 1986. Wako wanaomlaumu kwamba alikaa mno kwenye meza ile, na mimi nimo. Hata hivyo mwaka 1995 aliacha uwaziri, akaenda kugombea. Wapinzani wake walitangaza picha za mafuvu ya Luwero, wakasema atamrudisha Obote. Museveni alipata karibu robo tatu ya kura. Mtu wangu hakufika robo moja.

Hakushika bunduki. Hata mwaka 1980, Paulo Muwanga alipojitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, wengine walikwenda msituni, yeye akaingia Bungeni kuongoza upinzani. Safari hii alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ya mwaka 2000 iliyobadili Katiba. Mwaka 2005 kura ya maoni ikarudisha vyama vingi, naye akaachia uongozi wa DP. Alifariki Novemba 2022.

Nimewajua viongozi walioniita komredi kila siku, na hesabu ya michango yetu hawakuionyesha hata mara moja.

Kijana aje mkutano ujao. Tutaanza na kima cha chini cha mshahara, kile cha shilingi 6,000 kilichowekwa mwaka 1984.