Bidhaa zina cheti rahisi, mhitimu je?

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa katika nchi mwanachama na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Afisa haulizi mwenye vitunguu ni mtoto wa nani. Anauliza vitunguu vimelimwa wapi.

Sasa mama wa Goma amemlipia binti yake ada ya chuo kikuu mjini Gisenyi muhula baada ya muhula. Binti amesoma uhasibu, amefaulu, amevaa joho. Shahada yake ina asili ya Rwanda, imepigwa mhuri Rwanda. Lakini siku anapoipokea, hakuna karatasi rahisi inayomruhusu kuitumia mahali alipoipata.

Jambo hili linawagusa wasomaji wengi wa mpakani. Kwa miaka mingi vijana wa Goma wamekuwa wakivuka Petite Barrière kwenda kusoma upande wa Gisenyi, ikiwemo kwenye kampasi ya chuo kikuu cha ULK. Miongoni mwa wazazi wanaowalipia wapo wanaoishi kwa biashara ya mpaka huo huo: maziwa, viazi, unga, sambaza, vitenge. Faida ya kapu na gunia ndiyo inayogeuka kuwa ada.

Sheria haikosekani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 10 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi na kukubali ajira katika nchi nyingine ya Jumuiya, isipokuwa utumishi wa umma, ambao kila nchi inaweza kuubakiza kwa watu wake. Kanuni zake ziko wazi. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuusaini. Mamlaka inatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza kinaweza kufika miaka 2, na kinaweza kuongezwa. Rwanda, Kenya na Uganda zilikwenda mbele zaidi zikaondoleana ada ya vibali hivyo. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ingawa kazi ya kuoanisha sheria zake na itifaki hiyo bado haijamalizika.

Tatizo liko katikati. Taratibu hizi zote zinaanza na mkataba. Kibali cha mwanafunzi ni cha masomo, na masomo yakiisha sababu yake imekwisha. Raia wa Jumuiya anaweza kukaa kama mgeni hadi miezi 6, lakini mgeni hafanyi kazi. Kwa hiyo mhitimu anaambiwa na mwajiri: lete kibali. Akienda kuuliza kibali anaambiwa: lete mkataba. Mwenye duka la jumla au ghala mjini Rubavu, anayetaka mtu wa kumjaribu kwa miezi mitatu, hana muda wa mzunguko huo. Anamchukua mwingine, au anamchukua huyo huyo kwa siri.

Hiyo siri ndiyo hasara kubwa. Kijana anavuka asubuhi kama mtu anayekwenda sokoni, anashinda akiandika hesabu za watu, jioni anarudi. Hana mkataba, hakatwi michango ya hifadhi ya jamii, na mshahara wake ni ule mwajiri anaojisikia kutoa. Akidhulumiwa hana pa kushtaki, kwa sababu kushtaki ni kujisema.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema vijana wa Rubavu wenyewe hawana kazi, iweje nafasi zifunguliwe kwa wa ng'ambo? Lakini anayeshusha mshahara wa kijana wa Rubavu si mhitimu mwenye kibali. Ni yule asiye nacho, anayekubali nusu ya malipo kwa hofu. Mwenye kibali analipa kodi na anadai ujira sawa na wenzake. Zaidi ya hapo, biashara ya Kivu inahitaji watu wanaojua pande zote mbili: kusoma fomu ya forodha ya Kifaransa na ya Kiingereza, kupatana bei kwa Kiswahili, kuongea na mkulima kwa Kinyarwanda. Mtu kama huyo anamwongezea kazi jirani yake.

Nchi za mbali zimeliona hilo. Ujerumani humpa mgeni aliyehitimu huko miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na masomo yake. Kanada hutoa kibali cha kazi baada ya masomo kinachoweza kufika miaka 3. Haielekei kwamba kijana wa Goma akisoma Berlin apewe muda, na akisoma umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao asipewe. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Elimu moja haiwezi kuishia kwenye mahafali.

Kinachotakiwa ni kidogo: kibali cha mhitimu cha miezi 12, kwa kila raia wa Jumuiya aliyemaliza chuo kinachotambuliwa katika nchi mwanachama, kinachomruhusu kutafuta kazi na kuianza siku anaposaini mkataba. Kitolewe pamoja na shahada. Na Mnyarwanda aliyesoma Goma au Bukavu apewe vivyo hivyo.

Ni kweli kwamba majira si mazuri. Vita vilivyoifikia Goma Januari 2025 na kuvunjika kwa uhusiano wa kibalozi kati ya Kinshasa na Kigali vimefanya kila karatasi iwe ngumu zaidi. Lakini sheria za amani huandaliwa kabla ya amani kukamilika. Gisenyi ndipo CEPGL ilipoanzishwa mwaka 1976, na miongoni mwa malengo yake ni watu wa Maziwa Makuu wapite bila vikwazo.

Wakati serikali zinajadiliana, wafanyabiashara wana la kufanya. Mwenye duka anayemtaka mhitimu amwandikie mkataba, hata mfupi, na wahesabu siku 15 tangu tarehe ya sahihi. Vyama vya ushirika vinavyopigania ushuru wa nyanya viweke kibali cha mhitimu kwenye ajenda ile ile. Ada ilishalipwa mpakani hapa hapa, na aliyelipa ana haki ya kuuliza mwanawe atafanya kazi wapi.