Nyama ya Nyati na Mizani ya Haki



Sisi tunaokwenda gerezani pamoja na padri kusali na wafungwa tumejizoeza kutomwuliza mtu kosa lake. Lakini wenyewe husema, na hapa kwetu Katavi kuna neno moja tunalolisikia mara nyingi: "nyara". Anayelitamka huongeza idadi ya miaka, na idadi hiyo huanzia 20.

Nyara za Serikali ni nini? Ni meno ya tembo, ngozi ya chui, na pia kipande cha nyama iliyokaushwa ya mnyamapori. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Uhujumu Uchumi inaagiza kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30 kwa makosa yaliyo chini yake, na kukutwa na nyara bila kibali ni mojawapo. Thamani ya nyara hupangwa kwa kanuni za mwaka 2012, na kinachohesabiwa ni mnyama mzima. Mtu akikutwa na vipande vinne vya nyama ya nyati, hati ya mashtaka itasema nyati mmoja, dola za Marekani 1,900, yaani zaidi ya shilingi milioni 4 kwa fedha ya leo. Swala pala naye ni dola 390. Hivyo mwenye kitoweo cha siku mbili husimama kizimbani kama mtu aliyeiba mali ya mamilioni.

Hatusemi sheria hii ilitungwa bila sababu. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Kufikia 2014 walibaki kama 43,000. Askari wa wanyamapori wameuawa wakilinda urithi wetu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni zawadi ya Mungu kwetu sote, na wanaoishi Sitalike, Kibaoni au Usevya wanajua ujangili umeleta hasara gani. Mwizi wa urithi wa watoto wetu anastahili adhabu.

Swali letu ni hili: je, mizani ni moja kwa wote? Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara aliyejulikana kama Malkia wa Pembe za Ndovu. Alihusishwa na vipande 860 vya meno ya tembo vyenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Alipewa kifungo cha miaka 15. Wanasheria watatueleza, na wana haki, kwamba mtu huhukumiwa kwa sheria iliyokuwapo alipotenda kosa, na makosa yale yalitendwa kabla ya 2016. Hakimu hakukosea. Lakini mama wa kijijini ambaye mwanawe amefungwa miaka 20 kwa nyama ya nyati tutamweleza nini akaelewa? Mahakama zinaweza kufuata sheria kila hatua, na bado matokeo yakamwumiza mnyonge kuliko mwenye nguvu.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia jambo hili kwa uchungu. Sheria yao ya mwaka 1986 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa mwenye gramu 5 za kokeini ya mawe, ile inayovutwa kwa moshi. Mwenye kokeini ya unga alifikia kifungo hichohicho kwa gramu 500. Sheria haikutaja rangi ya mtu popote. Lakini waliofungwa kwa kokeini ya mawe walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi, na familia zao zilibaki bila baba kwa miaka mingi. Ilichukua hadi mwaka 2010 kuipunguza tofauti ile ya mia kwa moja, nayo ilishushwa tu hadi kumi na nane kwa moja. Kwetu mpaka si rangi ya ngozi. Mpaka wetu ni kati ya mwenye wakili na asiye na wakili, kati ya anayejua kudai stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa na anayeweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Kima cha chini cha adhabu kilikusudiwa kuleta usawa, ili hakimu wa Mpanda na wa Mwanza wasitofautiane. Lakini kinapomfunga hakimu mikono, uamuzi hauondoki, bali unahama. Unakwenda kwa aliyekamata na kwa aliyeandika hati ya mashtaka, watu ambao hatusikii sababu zao mahakamani. Hakimu akiona mbele yake baba wa watoto sita, kosa la kwanza, sufuria moja ya nyama, anaweza kumhurumia, lakini hawezi kushuka chini ya 20.

Sisi waseminari tunajifunza kwamba Kanisa lenyewe halihukumu hivyo. Kanuni ya 1344 ya Sheria za Kanisa inampa hakimu ruhusa, kwa dhamiri na busara yake, kuahirisha adhabu au kutoa iliyo nyepesi, hata pale sheria inapotumia maneno ya lazima. Katekisimu, namba 2266, inafundisha kwamba adhabu ilingane na uzito wa kosa na, kadiri inavyowezekana, imrekebishe mkosaji. Kitabu cha Walawi kinakataza kumpendelea tajiri, na kinakataza pia kumpendelea maskini. Kwa hiyo hatuombi maskini aachiwe. Tunaomba apimwe kwa kipimo cha alichotenda.

Tunawaomba wabunge wetu watenganishe katika sheria kitoweo na biashara ya magendo, na kumrudishia hakimu nafasi ya kupima. Tayari tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002; kwa nini mkosaji mdogo asipande miti au kuchimba mitaro kijijini kwake?

Nasi tusingoje Bunge. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Kila parokia iwatafute walio karibu nayo na kuwaalika kwenye jumuiya ndogondogo. WAWATA na vijana watembelee familia za wafungwa, si wafungwa peke yao. Na tuambiane ukweli nyumbani: anayenunua nyamapori kwa siri usiku ndiye anayemtuma kijana wa jirani porini.

Kristo alisema nasi habari za kumtembelea aliye gerezani. Hakusema kwanza tuulize amefungwa miaka mingapi. Lakini tukiisha kumtembelea na kuisikia idadi hiyo, hatuwezi kurudi nyumbani tukanyamaza.