Jasho la Wawili, Hati ya Mmoja

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho hupita Kedowa, mji mdogo wa kando ya barabara katika nchi ya chai. Sisi watu wa pwani chai twaijua ikiwa kikombeni, pamoja na mahamri. Leo nataka tuitazame ingali shambani, maana ina funzo kubwa juu ya ndoa na usawa.

Mkulima mdogo wa chai hafanyi kazi peke yake. Mume na mke hupanda na kupalilia pamoja, na aghalabu mkono wa mke ndio uchumao yale majani mawili na chipukizi. Lakini chai ipimwapo, kilo huandikwa kwa jina la aliyesajiliwa, na malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka humfuata yeye. Mara nyingi huyo ni mume. Basi wawili waweza kukaa miaka 40 kwa mapenzi na kushauriana, wakalea na kusomesha, na bado karatasi ikasema mwenye mali ni mmoja. Maadamu wote wako hai na wanasikizana, hakuna aionaye tofauti. Siku ya talaka au ya mauti ndipo karatasi inenapo.

Jambo hili limefika Mahakama ya Juu ya Kenya. Mume na mke waliooana mwaka 1990 waliachana, wakagombania mali yao Nairobi. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba; Mahakama ya Rufani ikampa nusu. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu iliiacha nusu hiyo, kwa kuwa mke alikuwa na kazi na mchango wake ulithibitika. Lakini ilisema wazi kwamba usawa wa kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 si kugawana nusu kwa nusu vivi hivi: kila mmoja athibitishe alichotoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yahesabu hata kazi za nyumbani, malezi na kilimo kuwa ni mchango.

Sheria hiyo, kifungu cha 3, yamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu. Wako wasemao kwamba basi habari hii haituhusu. Mimi sikubali. Surat An-Nisaa, aya ya 32, yatufunza kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake vile vile. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake.

Sasa mfikirie mama aliyeamka alfajiri miaka 30 kupika mahamri ya kuuza, fedha zikaingia katika mawe na mabati, na hati ikaandikwa jina la mume. Mume akifa akiacha watoto, mjane hupata thumni. Thumni ya nini? Ya mali ya marehemu. Kile kilichokuwa cha mama mwenyewe si mirathi. Chapaswa kutengwa kwanza. Lakini nani atakitenga pasipo ushahidi? Watoto watanyamaza, mashemeji watahesabu vyumba, na kadhi hana budi kuhukumu kwa kilichothibitishwa mbele yake.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la miezi michache laandikwa, vipi jasho la umri mzima liachwe midomoni?

Hati ya ardhi yaweza kubeba majina mawili. Na isipowezekana, waraka mbele ya mashahidi waaminifu, wenye kueleza nani alitoa nini, ni bora kuliko kimya. Mzee wa Kedowa au wa Lamu aliyeishi na mkewe kwa haki asiiache haki hiyo ife pamoja naye. Aiandike angali hai, mkewe akiwa ameketi ubavuni pake.